Barua ya wazi kwa Umoja wa Afrika: Zamu ya Nzuwani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Amani na Usalama,
Umoja wa Afrika,
Addis Ababa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Februari 2022, wakuu wa nchi zetu walipokutana hapo Addis Ababa, walikubali lugha hii iwe mojawapo ya lugha za kazi za Umoja. Basi naipa kazi.

Sina cheo. Si mwanasheria, wala si mwanachama wa chama chochote cha Komoro, kiwe cha serikali au cha upinzani. Ni Mzanzibari ambaye bibi yake mzaa mama alizaliwa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzuwani, akapanda jahazi akiwa mwari, akaolewa Unguja na kuzikwa Unguja. Mpaka uzeeni alikuwa na shiromani moja, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwao, nyekundu na nyeupe, aliyokuja nayo. Kila baada ya Idi aliikunja kwa mikunjo ile ile, akatia maua makavu ya mlangilangi katikati, akairudisha sandukuni, na ole wake mjukuu atakayeigusa. Mtaani wakimwita Mngazija, kama tunavyowaita Wakomoro wote huku pwani bila ya kuuliza mtu katoka kisiwa gani. Naye hakuacha kuwasahihisha hata mara moja. "Mimi si Mngazija. Mimi Mnzuwani." Alimsahihisha muuza samaki, akamsahihisha sheha, akamsahihisha daktari aliyekuwa akimpima presha. Utotoni nilidhani ni ukaidi wa mtu mzima. Leo naona kwamba alikuwa akinisomesha siasa za Komoro: kila kisiwa cha nchi ile kinataka kuitwa kwa jina lake.

Hoja yangu ni moja, nami naitanguliza. Mwaka 2001, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao nyinyi ni warithi wake, ulisimamia na kudhamini makubaliano ya Fomboni yaliyowarudisha Wakomoro kwenye nchi moja. Mwaka 2008 mliyalinda makubaliano hayo kwa bunduki. Mwaka 2018 yalipotobolewa, na damu ikamwagika kwenye vichochoro vya mji aliozaliwa bibi yangu, mlikaa kimya kiasi cha kumfanya mtu aulize kama bado mnakumbuka kwamba mliwahi kuwa wadhamini.

Kwetu, mtu akimdhamini mwenziwe dukani na mdaiwa akakimbia, mwenye duka hamfuati mdaiwa kwanza. Hugonga mlango wa mdhamini. Barua hii ndiyo hodi yangu.

Mnajua historia, lakini wapo wasomaji wa barua hii ambao hawaijui, nao wana haki ya kuisikia kwa ufupi. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Visiwa vitatu, Ngazija, Nzuwani na Mwali, vilitoka mikononi mwa Ufaransa; cha nne, Maore, ambacho ramani za Kifaransa hukiita Mayotte, kilibaki. Ikafuata mikasa ya mapinduzi isiyokwisha, mamluki Bob Denard akiingia na kutoka kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba. Ali Soilih, aliyekuwa mkuu wa nchi, aliuawa mwaka 1978. Rais Ahmed Abdallah aliuawa mwaka 1989 akiwa madarakani. Lakini jeraha lililowapeleka Wakomoro Fomboni halikutoka kwa mamluki. Lilitoka ndani. Tarehe 3 Agosti 1997 Nzuwani ilitangaza kwamba imejitenga, na Mwali ikafuata siku chache baadaye.

Nakumbuka jioni moja ya mwezi ule. Bibi alikuwa anapepeta mchele kibarazani, redio iko juu ya kiti. Mtangazaji akasema kwamba watu wa Mutsamudu wamepandisha bendera ya Ufaransa na wanaomba warudishwe chini ya Ufaransa. Bibi akauweka ungo mapajani. Kaka yake, Mungu amrehemu, alikuwa akihudhuria mikutano ya MOLINACO, chama cha ukombozi cha Wakomoro kilichokuwa na makao yake Dar es Salaam miaka ya sitini. Akitoka huko, nyumba nzima haipati usingizi kwa hadithi za uhuru unaokuja. Sasa bendera ile ile iliyoteremshwa inapandishwa kwa mikono ya wajukuu. Taarifa ilipokwisha, Bibi aliuliza neno moja tu: "Wamefanywa nini hata waipandishe hiyo?"

Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuwa na jibu. Lakini swali lile lilikuwa sawasawa kuliko mengi niliyosikia baadaye kwenye mikutano. Wanzuwani hawakuwa wamerogwa. Walikuwa wamechoka kuona kila ofisi, kila cheo na kila uamuzi uko Moroni, na mishahara ya walimu na watumishi inachelewa kwa miezi. Ufaransa ilikataa kuwapokea. Rais Mohamed Taki akapeleka askari Septemba 1997, wakafukuzwa. Aprili 1999, baada ya mazungumzo ya Antananarivo ambayo ujumbe wa Nzuwani haukuyatia saini, vijana wa Moroni waliwageukia Wanzuwani waliokuwa wakiishi nao, wakawasaka mitaani. Watu walikimbilia majahazi kurudi kisiwani kwao, wakiacha maduka na vitanda. Tarehe 30 Aprili, Kanali Azali Assoumani akachukua nchi kwa jeshi.

Ndipo ikaja Fomboni. Agosti 2000 Kanali Azali na Luteni Kanali Said Abeid wa Nzuwani walitia saini tamko la kwanza. Tarehe 17 Februari 2001, mbele ya wawakilishi wenu na wa mataifa mengine, yakatiwa saini makubaliano yenyewe. Mji walimokutana ndio mji mkuu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote. Katiba ya Desemba 2001 ikajengwa juu ya makubaliano hayo, na kiini chake kilikuwa neno ambalo kila mtoto wa pwani analijua tangu kwenye foleni ya bomba la maji: zamu.

Naomba nikae hapa kidogo, maana nimewasikia watu wakiizungumza zamu ile kama mchezo wa wanasiasa. Utaratibu ulikuwa hivi. Kila baada ya miaka minne, na baadaye mitano, urais wa Muungano ulihamia kisiwa kingine. Wananchi wa kisiwa chenye zamu walipiga kura peke yao kwanza, wakachagua watatu kati ya wagombea wao. Watatu hao ndio waliopelekwa mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo rais alitoka kisiwa kimoja, lakini hakuweza kushinda bila ya kupanda boti kwenda kuomba kura kwenye visiwa viwili vingine. Ilimlazimu akanyage udongo wa wale ambao jana aliwaona mbali.

Ulikuwa na kasoro, tena kubwa. Rais aliyejua kwamba harudi alikuwa na kishawishi cha kuchuma mapema. Serikali ya Muungano juu, na serikali za visiwa chini, kila moja na magari na mabaraza yake, zilikuwa mzigo kwa nchi maskini inayoishi kwa karafuu, vanila, mlangilangi na fedha za watoto wake walioko Ufaransa. Anayesema zamu ilihitaji kurekebishwa hasemi uongo.

Lakini tazameni ilichozaa. Mei 2006, Azali, yule yule aliyeingia kwa jeshi, alimkabidhi kiti Ahmed Abdallah Sambi wa Nzuwani aliyechaguliwa kwa kura. Nchi ilikuwa haijawahi kuona makabidhiano ya amani kama yale. Mei 2011, Ikililou Dhoinine akaapishwa: mtu wa Mwali, kisiwa chenye watu kama elfu hamsini, akawa rais wa wote. Niambieni ni wapi pengine hilo lingetokea kwa kuhesabu vichwa peke yake. Na mwaka 2016 zamu iliporudi Ngazija, kura zilikaribiana mno kati ya Azali na Mohamed Ali Soilihi, na kilichohitimisha hesabu kilikuwa ni kura zilizorudiwa tarehe 11 Mei katika vituo 13. Vituo hivyo vilikuwa Nzuwani. Rais wa leo alithibitishwa kitini na watu wa Nzuwani.

Nyuma ya zamu ile alisimama mlinzi, nayo ni Mahakama ya Katiba. Ndiyo ninayotaka mwiangalie vizuri, kwa sababu habari yote ya mwaka 2018 imo humo.

Mwaka 2007 muda wa Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa cha Nzuwani, ulikwisha. Mahakama ya Katiba ikasema umekwisha. Bacar akakataa, akafanya uchaguzi wake mwenyewe mwezi Juni, akajitangaza mshindi. Hapo hamkusema kwamba ni mambo ya ndani ya Komoro. Mliweka vikwazo, mlizuia vyombo baharini, na alfajiri ya Jumanne tarehe 25 Machi 2008, Rais Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wenu, askari wa Tanzania na Sudan pamoja na jeshi la Komoro waliteremka Nzuwani. Mutsamudu ilikuwa mikononi mwao kabla ya siku kwisha. Bacar alitoroka kwa boti hadi Maore.

Jirani yetu mmoja, askari, alikuwemo. Aliporudi alitusimulia mambo machache, kwa kuwa si mtu wa maneno, lakini moja sijalisahau. Anasema siku ya pili walikuwa kwenye kichochoro, akampa maji bibi kizee aliyekuwa amejifungia ndani kwa hofu. Yule bibi akanywa, akamtazama, akamwambia: "Marahaba." Askari wetu akababaika. Kwake yeye, marahaba huja baada ya shikamoo, na yeye hakuwa ameamkia. Akadhani anakaripiwa kwa utovu wa adabu. Akainamisha kichwa, akasema haraka, "Shikamoo, bibi." Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba kwa Kikomoro marahaba ni ahsante. Yule bibi alikuwa akimshukuru.

Nyinyi ndio mliompeleka askari yule, Waheshimiwa, kwa niaba ya hukumu ya mahakama. Kwa hiyo shukrani ile ilikuwa yenu.

Mwaka 2009 Rais Sambi naye alishawishika. Aliitisha kura ya maoni ya kurefusha kipindi cha urais kutoka miaka minne hadi mitano, na akataka urefushaji huo umguse yeye mwenyewe. Watu wa Mwali, ambao zamu yao ilikuwa inasogezwa mbele, walitoka barabarani. Mei 2010 Mahakama ya Katiba ikasema hapana. Mazungumzo yakafanyika, uchaguzi ukapangwa, Mwali wakapata kiti chao. Nalisema hili makusudi, ili pasiwe na mtu atakayedhani namtetea Mnzuwani kwa damu. Sambi alikosea, na mahakama ilimrudisha kwenye mstari. Ilikuwa imemwambia Bacar, ikamwambia na Sambi. Wote wawili Wanzuwani, mmoja mkuu wa kisiwa, mwingine mkuu wa nchi.

Kisha ukaja mwaka 2018.

Februari, serikali iliitisha kongamano la kitaifa la kutathmini miaka 40 na zaidi ya uhuru. Upinzani mkubwa ukasusia. Aprili, Rais Azali aliisimamisha Mahakama ya Katiba na majukumu yake yakahamishiwa Mahakama ya Juu. Mahakama ile ile. Ile ambayo hukumu yake iliwapandisha askari wetu melini miaka 10 kabla, ilifungwa kwa amri ya rais, na sikusikia meli yoyote ikitia nanga. Simaanishi kwamba mngepeleka meli. Hakuna anayetaka bunduki tena. Namaanisha kwamba ilistahili angalau sauti ya mtu aliyeguswa.

Mei, Sambi alirudi nchini na akawekwa kizuizini nyumbani kwake. Agosti akawekwa mahabusu kungoja kesi. Julai, watu wenye silaha walilishambulia gari la Makamu wa Rais Moustadroine Abdou huko Nzuwani, akanusurika. Huo ulikuwa uovu, na nauita uovu. Tarehe 30 Julai ikapigwa kura ya maoni. Upinzani ulisusia, na tume ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 92 wamesema ndiyo. Katiba mpya haikulifuta neno zamu. Ililirefusha: anayekalia kiti anaweza kukaa vipindi viwili vya miaka mitano mfululizo kabla ya kisiwa kingine kufikiriwa. Na hesabu ikaanza upya.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Kwa katiba ya Fomboni, mwaka 2021 ulikuwa wa Nzuwani. Uchaguzi uliletwa mbele hadi Machi 2019, Azali akatangazwa mshindi. Januari 2024 ukafanyika mwingine, akatangazwa tena, na kipindi hicho kinakwisha 2029. Mnzuwani wa mwisho alitoka ikulu Mei 2011. Mtoto aliyezaliwa Mutsamudu mwezi ule atakuwa na miaka 18, amefikia umri wa kupiga kura, na kisiwa chake hakijarudi kwenye foleni.

Wanzuwani waliijua hesabu hiyo mapema. Jumatatu ya tarehe 15 Oktoba 2018, vizuizi vya mawe na vyuma viliwekwa kwenye milango ya mji wa kale wa Mutsamudu, na watu waliofunika nyuso wakaingia na bunduki.

Mji ule ni ndugu wa Mji Mkongwe wetu. Vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Nyumba za mawe zimeegemeana, dirisha la huyu linaona jiko la yule. Risasi ikipigwa mahali kama hapo haina pa kwenda isipokuwa kwenye ukuta wa mtu. Binti wa ukoo wetu, ambaye nyumba yao iko ndani kabisa, alinirekodia ujumbe wa sauti kwenye simu siku ya tatu. Ulianza kwa jogoo. Kisha yeye akaanza kunieleza kwamba maji yamekatwa na umeme umekatwa, na simu imebakiwa na chaji kidogo, na mama yake anataka kutoka kutafuta mkate. Katikati ya neno mkate ukaja mlio, halafu mingine mitatu. Hakupiga kelele. Nilimsikia akipumua, kisha akaanza Yasin kwa sauti ya chini, na ujumbe ukakatika katika aya ya pili. Nimeuhifadhi. Sijaweza kuusikiliza zaidi ya mara mbili.

Jumamosi tarehe 20 jeshi liliingia mjini kote. Wenye silaha walikuwa wameshatoweka, wengi wakisemekana kuvuka kwa boti hadi Maore, njia ile ile ya Bacar. Watu wasiopungua watatu walikuwa wamekufa. Gavana wa Nzuwani, Abdou Salami Abdou, mwanachama wa chama cha Juwa, yaani jua, alikamatwa.

Ninaposema boti za Maore, nataka mzione. Ni zile ziitwazo kwasa-kwasa, mashua ndogo za uvuvi zenye mashine, zinazobeba watu kupita kiasi usiku kuvuka kilomita kama 70. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, maelfu wamezama. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa yenyewe ilikisia kati ya watu 7,000 na 10,000 hadi mwaka 2012. Mwenye cheo anayekimbia hufika. Mwenye mtoto mgonjwa ndiye anayezama. Kila mara siasa za Moroni zinapowafungia watu wa Nzuwani mlango, foleni ya ufukweni inarefuka, na sijui kwa nini jambo hili halihesabiwi kuwa ni la amani na usalama.

Siku mbili baada ya mji kutekwa, jirani yetu askari, sasa kastaafu, alikuja barazani. Alikuwa ameona picha kwenye simu, akakitambua kichochoro. Alinionyesha kwa kidole: hapa tulipumzika, hapa palikuwa na bomba. Halafu akaniuliza, kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo, "Sasa sisi tulikwenda kufanya nini?"

Swali hilo siwezi kumjibu mimi. Nawaletea nyinyi.

Najua mtasema hamkulala. Ni kweli, mlimtuma Ramtane Lamamra, mwanadiplomasia mzoefu, akajaribu kuwakutanisha pande zote. Mazungumzo hayakuzaa kitu. Ni kweli pia kwamba Machi 2019 waangalizi wenu, pamoja na wenzao wa kanda, hawakuweza kuutangaza uchaguzi ule kuwa wa wazi na wa kuaminika, na nawashukuru kwa uaminifu wao. Lakini taarifa ya waangalizi ilisomwa, ikakunjwa. Hakikufuata chochote. Januari 2024 tume ilitangaza kwamba waliopiga kura ya urais ni kama asilimia 16 ya walioandikishwa, ilhali kwa magavana, siku ile ile na kwenye vituo vile vile, watu walikuwa wengi mara kadhaa. Mahakama ya Juu ikaja kuipandisha idadi hiyo hadi zaidi ya asilimia 56. Vijana wa Moroni waliandamana, watu wakaumia, amri ya kutotoka nje ikatolewa. Safari hii waliolia walikuwa Wangazija wenyewe, watu wa kisiwa cha rais. Ugonjwa ulioachwa Nzuwani ulikuwa umeshavuka maji.

Na katikati ya miaka hiyo, Februari 2023, uenyekiti wa Umoja ulipofika zamu ya Afrika Mashariki, mlimkabidhi Rais Azali. Nilifurahi kwa ajili ya Komoro, nasema kweli. Nchi ndogo kama ile kuketi pale mbele ni heshima kwetu sote watu wa visiwa. Lakini fikirini iliketije. Nyinyi wenyewe mnaishi kwa zamu: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki, Kusini. Mngekuwa mnahesabu watu au mali au majeshi, Komoro isingalikikaribia kiti kile hata katika miaka mia. Kilichoifikisha ni utaratibu ule ule uliompa Mwali urais mwaka 2011, na ambao Nzuwani imenyimwa. Zamu ikiwa ni haki kwa Komoro mbele ya Nigeria na Misri, basi ni haki kwa Nzuwani mbele ya Ngazija.

Wapo watakaonijibu kwamba mwaka 2008 ilikuwa ni kuasi, na mwaka 2018 ilikuwa ni kura, na wananchi wana haki ya kubadili katiba yao. Haki hiyo siikatai. Lakini Mkataba wenu wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, mlioupitisha Januari 2007, katika ibara ya 23 kifungu cha 5, unasema kwamba kubadili katiba kwa namna inayovunja misingi ya kupokezana madaraka kidemokrasia ni njia mojawapo ya kubadili serikali kinyume cha katiba. Mliandika wenyewe. Hamkuandika kwamba kifungu hicho ni kwa wakuu wa visiwa vidogo peke yao. Na makubaliano ya pande tatu hayavunjwi na upande mmoja, hata ukiwa na kura nyingi, wakati mahakama imefungwa na kiongozi wa upande wa pili yuko kizuizini. Kuhusu Sambi na kesi ya mauzo ya pasipoti, iliyomletea kifungo cha maisha Novemba 2022, sina la kusema kama ana hatia au hana. Nasema tu kwamba mizani ilikuwa imeshaondolewa dukani kabla ya yeye kupimwa.

Ninachoomba si kingi. Semeni hadharani kama dhamana ya Fomboni bado ni yenu. Ikiwa mmeiacha, waambieni Wanzuwani na Wamwali ili wajue wanasimama peke yao. Ni ukatili, lakini ni ukatili mdogo kuliko kuwaacha wakingoja. Ikiwa bado ni yenu, basi ipimeni katiba ya 2018 kwa ibara yenu ya 23, na mlitoe jibu kwa maandishi. Msingoje uchaguzi ujao ndipo mlete waangalizi na fulana zao. Rudini Fomboni kabla ya 2029, mkawaite watu wa visiwa vitatu, walioko madarakani, walioko uhamishoni na walioko gerezani, mkazungumze kama zamu irudi ilivyokuwa au ipatikane njia nyingine ambayo visiwa vyote vitatu vitaikubali. Na chunguzeni yaliyotokea Mutsamudu kati ya tarehe 15 na 20 Oktoba 2018: nani alileta silaha zile, nani alifyatua, waliokufa walikufaje. Familia zao hazijasikia kwa mtu wa nje hata pole.

Bibi alifariki kabla ya hayo ya 2018, na namshukuru Mungu kwa hilo. Shiromani iko kwa mama yangu. Mama naye anaikunja vile vile.

Mkinijibu, nijibuni kwa Kiswahili. Nitaipeleka barua yenu Mutsamudu mwenyewe, niisome kwenye kichochoro kile chenye bomba. Sitahitaji mkalimani, nusu wataielewa kama ilivyo, na nusu tutaelezana.

Wenu,

Mjukuu wa Mnzuwani,
Unguja.